Una Hiace ya kempi? Hii ndiyo saa ya kubadilisha beliti ya taimingi kabla injini haijakuzimikia porini

Picha ndio hii. Ni Ijumaa jioni na Hiace imepakiwa: godoro nyuma, meko ya gesi, mitungi ya maji, watoto wamevaa viatu tangu asubuhi. Mmeshapita Isiolo, lami ya kwenda Marsabit imenyooka kama rula, na unajiambia haya ndiyo maisha. Ghafla injini inazima. Hakuna moshi wala taa ya kukuonya. Ukijaribu kuwasha, stata inazunguka haraka na nyepesi kuliko kawaida, lakini ndai haishiki.

Buda, kuna uwezekano mkubwa beliti ya taimingi imekatika. Na kila ukipiga ufunguo tena, unaongeza bili.

Kuna wasee wananunua Hiace iliyostaafu kazi ya matatu, ama ile ya watalii yenye paa la kuinuka. Wanang'oa viti, wanaweka kitanda, sinki na sola, na gari linageuka nyumba. Doo nyingi inaenda kwa mbao na friji. Lakini kitu kinachoamua kama utafika unakoenda hakionekani hata kwa picha za Insta. Ni mkanda wa mpira uliojificha nyuma ya kifuniko mbele ya injini.

Ukiuliza mtaani ubadilishe lini, utaambiwa "kilomita 100,000". Jibu hilo ni nusu. Kwa gari la kempi, nusu ile ingine ndiyo huchoma watu.

Kwa ufupi, kama una haraka:

- Jua kwanza kama injini yako ina beliti ama cheni.
- Hesabu kilomita na miaka, na ufuate kile kinachofika kwanza.
- Huna ushahidi ilibadilishwa lini? Chukulia imefika mwisho.
- Usiibadilishe peke yake. Tenshona na puli zake ziende pamoja.

Hii beliti hufanya kazi gani?

Ndani ya injini kuna vyuma viwili vya kuzunguka. Cha chini, krenki, ndicho kinasukumwa na pistoni. Cha juu, kamu, ndicho kinafungua na kufunga valvu ili hewa iingie na moshi utoke. Viwili hivi lazima vicheze ngoma moja: krenki ikizunguka mara mbili, kamu inazunguka mara moja. Beliti ya taimingi, yenye meno upande wa ndani, ndiyo inashikilia huo mpango.

Injini ikiwa kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde. Beliti ikikatika hapo, kamu inasimama papo hapo na baadhi ya valvu zinabaki wazi. Pistoni bado zinapanda kwa nguvu. Kwenye dizeli, nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo sana kwa sababu ya mgandamizo mkubwa. Vyuma vinagongana, na unabaki na valvu zilizopinda, wakati mwingine hedi iliyopasuka ama pistoni iliyotoboka.

Usiichanganye na feni beliti. Feni beliti iko nje, unaiona ukifungua boneti, na ikichakaa hupiga kelele asubuhi. Ya taimingi imefunikwa na mara nyingi hufa kimya. Kwa hivyo usikae ukingoja ikulilie.

Je, gari lako lina beliti ama cheni?

Hapa wasee wengi huchanganyikiwa, lakini kwa Toyota jibu liko kwa logbuku. Angalia herufi za mwanzo za nambari ya chesisi:

- KDH: Hiace ya dizeli yenye injini ya 1KD au 2KD. Ina beliti.
- LH: Hiace za dizeli za zamani, zile za 2L, 3L na 5L. Zina beliti.
- TRH: Hiace ya petroli, 1TR au 2TR. Ina cheni.
- GDH: Hiace ya dizeli yenye injini ya 1GD. Ina cheni.
- HZJ: Land Cruiser ya 1HZ, ile inayobeba watalii kila kona ya Mara. Ina beliti.

Na tusichekane: KDH ya chesisi si KDH ya nambari ya usajili. Gari linaweza kuwa na pleti ya KDH na chesisi ya TRH.

Upande wa Nissan Caravan, dizeli ya ZD30 na petroli ya QR25 zote zina cheni. Mitsubishi L300 yenye injini ya 4D56 ina beliti mbili, ya taimingi na ndogo ya kupunguza mtetemo, na zote mbili hubadilishwa pamoja. Kombi za kitambo za Volkswagen, zile za kupozwa na hewa, hazina beliti ya taimingi wala cheni. Zinatumia gia.

Kama una cheni, usishangilie sana. Cheni hukaa muda mrefu, lakini inaishi kwa oili. Ukichelewesha sevisi inalegea na kuanza kukwaruza ukiwasha injini ikiwa baridi. Ukisikia hivyo, ipeleke iangaliwe.

Kwa wasomaji wetu walio Ulaya, gari-nyumba nyingi huko zimejengwa juu ya Fiat Ducato. Ile ya 2.3 dizeli ina beliti, ya 3.0 ina cheni. Ford Transit yenye 2.0 EcoBlue ina beliti inayofanya kazi ndani ya oili yenyewe, kwa hivyo oili isiyofaa inaweza kuila mapema.

Kilomita zinasema nini?

Kwa dizeli za Toyota, kitabu cha gari husema kilomita 100,000 ama 150,000, kulingana na injini na soko ambalo gari lilitengenezewa. Gari la kutoka Japani lifuate kitabu cha Japani, yaani 100,000. Usichukue namba ya binamu yako aliye Australia.

Dizeli nyingi za Toyota pia zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo ni msaada, lakini usiitegemee kama daktari. Haijui beliti ikoje. Inahesabu kilomita tu, na zikifika inawaka. Mtu anaweza kuizima bila kugusa beliti. Na kama dashibodi ilibadilishwa ama mita ilirudishwa nyuma, taa nayo imedanganywa.

Hapo ndipo Hiace iliyokuwa matatu inakuwa ngori. Gari limepiga Rongai na tauni miaka na miaka, halafu linauzwa likisoma kilomita 92,000. Wewe unahesabu bado 8,000. Beliti inahesabu vingine.

Miaka ndiyo huwanasa wenye gari la kempi

Tuseme unasafiri mara sita kwa mwaka na kila safari ni kilomita 1,000. Hiyo ni kilomita 6,000 kwa mwaka. Ukingoja 100,000 zifike, utangoja zaidi ya miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku uliyoweka beliti atakuwa sekondari, na wewe bado unasema "haijafika".

Beliti ni mpira ulioshikiliwa na nyuzi ngumu. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa: joto la injini, baridi ya usiku, mvuke wa oili. Unakauka, unakuwa mgumu, unaanza kupasuka kwenye mizizi ya meno. Gari likikaa miezi mitatu bila kuwashwa, beliti inabaki imejikunja palepale kwenye puli. Siku ya safari unaliwasha, unalipandisha Limuru likiwa na mzigo, na beliti iliyolala inaambiwa ikimbie marathoni.

Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hutaja pia miaka, mara nyingi kati ya 5 na 10. Kama kitabu chako kinataja miaka, fuata hiyo. Kama hakitaji, kwa gari la kempi linalopelekwa mbali na mafundi, mimi ningeweka mpaka wa miaka 7. Nikijua gari huegeshwa juani Mombasa ama hupita vumbi la Turkana mara kwa mara, ningeshuka hadi 5.

Na kumbuka umri hauanzi siku uliponunua. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka 8, maana yake linaweza kufika bandarini likiwa na beliti ya miaka 7 na bado wewe unaliita jipya. Kwa Hiace za Japani, injini ya 1GD ilianza kuchukua nafasi ya 1KD mwaka 2017. Kwa hivyo usidanganywe kwamba kuna KDH changa kutoka huko.

Kuna saa ambazo mita haioni

Umepiga kempi Naivasha, betri ya friji imeshuka, unawasha injini saa moja ili kuchaji. Kilomita zilizoongezeka ni sufuri. Lakini kwa mizunguko 800 kwa dakika, krenki imezunguka mara 48,000 na beliti imefanya kazi hiyo yote.

Ni vivyo hivyo kwa jam. Gari lililoshinda likinguruma Thika Road lina beliti iliyochoka kuliko mita inavyosema. Kama unachaji kwa injini kila usiku wa kempi, ama gari lilikuwa matatu ya mjini, usingoje kilomita za kitabu zitimie. Kata angalau robo: badala ya 100,000, weka 75,000.

Huna rekodi? Hesabu imekwisha

Hapa ndipo moyo wa maneno yote haya. Ukiuliza aliyekuuzia atasema "hiyo nilibadilisha juzi tu". Juzi gani? Risiti iko wapi? Nani alifanya? Neno la muuzaji halishiki kamu.

Ushahidi unaofaa ni huu:

- Risiti yenye tarehe, kilomita na nambari ya gari.
- Stika kwenye chumba cha injini. Gereji za Japani hubandika kastika kadogo kenye tarehe na kilomita beliti ikibadilishwa. Piga picha kwa simu utafsiri. Ukiona mwaka umeandikwa H28, ongeza 1988 upate 2016. Ukiona R3, ongeza 2018 upate 2021.
- Karatasi ya mnada ya Japani. Haitakuambia habari za beliti kila mara, lakini itakuonyesha kilomita za siku ile. Zikiwa nyingi kuliko za dashibodi leo, umejua ukweli.
- Fundi aliyefanya kazi hiyo, anayepatikana kwa simu na anakumbuka gari.

Ukikosa yote manne, swali la "lini" limejijibu. Ni sasa. Huo si uoga. Ukibadilisha beliti ambayo ingeenda miaka mingine miwili, umepoteza thamani ya miaka miwili ya beliti. Ukikosea upande ule mwingine, unalipa hedi, valvu, gasketi, pengine injini nzima, lori la kuvuta gari, na wikendi ya familia kando ya barabara. Bima ya gari kwa kawaida hailipi injini iliyokufa kwa uchakavu.

Vilevile ukinunua injini ya mtumba kutoka Japani kuweka kwa gari lako, badilisha beliti ikiwa bado sakafuni kabla haijafungwa. Hapo kazi ni rahisi na unaona kila kitu.

Kuangalia kwa macho kunasaidia?

Kunasaidia upande mmoja tu. Kwenye injini nyingi fundi anaweza kufungua kifuniko cha juu na kumulika tochi. Ukiona haya, usiendeshe tena kabla ya kubadilisha:

- Nyufa mgongoni ama kwenye mizizi ya meno.
- Meno yaliyolika, kukatika ama kung'aa kama kioo.
- Nyuzi zinazochomoza pembeni.
- Oili ama maji ya rejeta yaliyomwagikia beliti. Hapa ziba kwanza kinachovuja, la sivyo utaua na hiyo mpya.

Lakini ukiona beliti safi, hujapewa cheti. Beliti nyingi za kisasa hukatika zikiwa bado zinapendeza. Na unaona kipande kidogo tu, ilhali tenshona na beringi za puli hazionekani. Beringi ikikwama, beliti mpya kabisa inakatika nayo.

Sasa amua

Jiulize maswali haya kwa mpangilio. Ukifika kwa "ndiyo" ya kwanza, simama hapo uitishe fundi.

- Hakuna ushahidi wa mara ya mwisho?
- Kilomita za kitabu zimefika, ama taa ya T-BELT inawaka?
- Miaka ya kitabu imefika, ama beliti ina zaidi ya miaka 7?
- Kuna oili ama maji yanayovujia upande wa beliti?
- Injini inafunguliwa upande huo kwa kazi nyingine, kama vile kubadilisha sili?
- Zimebaki kilomita chache na unapanga safari ndefu ya mbali?

Swali la mwisho wasee hulipuuza. Kama umebakisha 5,000 na unaenda Turkana na kurudi, usiende ukimalizia beliti huko. Ibadilishe nyumbani, ambako fundi unamjua na spea ziko karibu.

Kama majibu yote ni "hapana", tulia. Andika tarehe na kilomita zitakapofika, bandika kwenye kioo, uendelee na kempi zako.

Ukienda kwa fundi, ambia hivi

Beba nambari ya chesisi na ya injini. Pigia simu maduka matatu, yawe ya Kirinyaga Road ama ya mtaa wako, uulize bei ya seti nzima: beliti, tenshona na puli. Bando, Mitsuboshi na Gates ni majina yanayojulikana kwa beliti, lakini majina hayo pia huigwa. Kagua maandishi yaliyochapwa kwenye beliti yenyewe, si boksi tu. Beliti ya mtumba usinunue hata ukipewa bure.

Uliza kama pampu ya maji inazungushwa na hiyo beliti. Kwa injini nyingine ndiyo, na hapo ibadilishe pamoja, kwa sababu kuifuata baadaye ni kulipa kazi ileile mara mbili. Kwa 1KD na 1HZ pampu ya maji iko nje ya beliti hiyo, kwa hivyo mtu akikuambia lazima uinunue, muulize kwa nini.

Kaa hapo fundi akifanya kazi. Mambo matatu uyaone kwa macho yako. Alama za krenki na kamu zimelingana kabla ya beliti kutoka. Baada ya kufunga, ameizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zimerudi mahali pake, kabla ya kugusa stata. Na beliti nzee amekupa uende nayo. Kisha azime taa ya T-BELT kama ipo na mbandike stika: tarehe, kilomita, jina la seti.

Usifanye kazi hii usiku wa kuamkia safari. Ifanye wiki mbili tatu kabla, uendeshe kilomita 200 ama 300 karibu na nyumbani. Kama kuna kosa, likupate karibu na fundi.

Ikikatika njiani je?

Injini ikizima ghafla na stata ikazunguka nyepesi, acha ufunguo. Usisukume gari, usiwashe kwa kuliteremsha mlimani. Pengine uharibifu bado ni mdogo na kila jaribio linaupanua. Ondoka barabarani, weka pembetatu za onyo, itisha lori la kuvuta. Fundi akague valvu ama afungue hedi kabla ya mtu yeyote kukuuzia wazo la "tuweke tu beliti ingine tuone".

Leo jioni, kabla hujalala, chukua tochi na logbuku uende kwa gari. Soma herufi za chesisi, tafuta stika. Zile dakika kumi zitakuambia kama safari ya Desemba ni ya kempi ama ni ya kulala kando ya lami ukingoja lori.

Je, wewe beliti yako uliibadilisha lini mara ya mwisho, na una risiti ama una neno la muuzaji tu?